Saa Iliyoshindwa na Birika

Nimeishi na saa za watu miaka mingi, na kama kuna neno la kunipandisha hasira asubuhi mapema ni mtu kuniwekea saa mezani na kusema, "Fundi, angalia vizuri, hii inazama mita mia tatu." Inazama na nani? Wewe kwako ni Arua. Maji yetu tunayachota kwa ndoo. Ukitaka maji mengi nenda Nile, pale Rhino Camp, na ukiingia mpaka kiunoni umeshakutana na kiboko, na kiboko hakuulizi saa ngapi.

Miaka ya sabini saa za namna hiyo zilijaa West Nile. Kila nyumba yetu sisi Waislamu wa mjini, wajukuu wa askari waliotoka Sudan, ilikuwa na kijana jeshini, na kijana aliyepelekwa nje kusoma alirudi na saa ya kuzamia. Nzito kama kufuli. Ina pete inayozunguka juu ya kioo, gizani mishale inang'aa kijani, na usoni imeandikwa ile namba ya mita. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Mimi nilikaa Mombasa miaka mitano nikijifunza kazi kwa fundi mmoja mzee, na nawaambia nilichokiona: wale wanaoingia baharini kila siku kutafuta pweza hawavai saa kabisa. Wanayaangalia maji yenyewe.

Haya nilikuwa nayasema kwa sauti, mezani kwangu, kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko la Arua. Wengine walicheka, wengine waliudhika wakapeleka saa zao kwingine. Sikujali. Nilikuwa kijana, kazi nilikuwa naijua, na mdomo wangu haukuwa na mlango.

Sikujali mpaka nilipopenda.

Alikuwa anashona nguo kwenye baraza hiyohiyo, cherehani yake hatua sita kutoka meza yangu. Kwao Koboko, lakini mama yake alipofariki mwaka ule alikuja Arua kukaa kwa shangazi yake. Akinisikia nagombana na mteja alisimamisha mguu kwenye pedali ili asikie vizuri, kisha akasema, "Fundi, saa zako zinatembea, na wateja wako nao wanatembea." Nilimpenda kwa hilo, na kwa mengine ambayo si yenu. Tukaelewana. Amu yangu, mdogo wake baba, akapeleka posa Koboko pamoja na kilo mbili za sukari. Msizicheke kilo hizo. Miaka ile sukari ilikuwa inatafutwa kama dawa.

Baba yake binti alipokea sukari, jibu hakutoa. "Mimi nafikiri kwanza," alimwambia amu. Alikuwa sajini mstaafu, mrefu, mkavu, na sauti yake ilikuwa bado iko kwenye paredi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, ambacho kwetu kinasemwa na wazee wengi, na hakuna aliyethubutu kukicheka mbele yake.

Wiki moja baadaye nikaona kivuli kimeanguka mezani. Nikainua kichwa, kioo changu cha kazi bado jichoni. Alikuwa mzee mwenyewe, kofia nyeupe kichwani, fimbo kwapani. Alikuwa amekuja na lori la tumbaku kutoka Koboko. Akautikisa mkono, saa ikateleza na mkanda wake wa chuma ule wa kuvutika, ikaanguka mbele yangu.

"Wewe iko fundi?"

"Ndiyo, mzee. Asalaam aleikum."

"Aleikum salaam. Maji naingia."

Nikaitazama. Lahaula! Saa ya kuzamia, mita mia tatu, na ukungu umetanda chini ya kioo mpaka mishale haionekani. Zawadi ya mwanawe wa kwanza, askari, aliyoileta kutoka ng'ambo miaka mitano nyuma. Upande wa pili wa baraza cherehani ilikuwa imenyamaza kimya.

Mtu mwenye akili angesema, "Nitaitengeneza, baba," akafunga mdomo. Mimi nikasema, "Mzee, hizi mita mia tatu ni maneno ya dukani tu. Hapa kwetu hazina kazi."

"Mtoto yangu hapana danganya mimi."

"Sikusema amedanganya. Nasema kinachozuia maji si namba. Ni mpira mwembamba humu ndani, mwembamba kama uzi, na mpira unazeeka."

"Kila kitu nazeeka," mzee akasema. "Tengeneza."

Nikamuuliza kama anaoga nayo. Hapana. Anatawadha nayo? Hapo akaniangalia kama kuruta aliyekosea mguu. "Natawadha nayo tangu siku ya kwanza. Maji ya birika. Miaka yote hapana ingia. Mwaka hii ndiyo naingia."

Nikaifungua. Nikaikausha, nikaisafisha, nikatia mpira mpya kutoka kwenye kopo nililorudi nalo Mombasa, nikafunga mfuniko wa nyuma. Mwisho nikafunga kile kifungo cha ubavuni cha kurekebishia majira. Nieleze kidogo hapa, maana ndipo penye kisa chote. Kifungo cha saa ya kawaida unakivuta, unarekebisha, unakisukuma ndani, basi. Cha saa ya kuzamia hakitaki hivyo. Ukishakisukuma inabidi ukikandamize kwa nguvu na papo hapo ukizungushe, kama unavyofunga kifuniko cha chupa, mpaka kikaze. Usipokizungusha, maji yana mlango. Mita zote mia tatu zimekaa kwenye kitu kidogo kuliko punje ya hindi, na kwenye vidole viwili vya mtu. Sikumweleza mzee. Nani anamfundisha sajini saa aliyoivaa miaka mitano?

Nikampa saa yake. Hakuivaa.

"Nataka ona," akasema.

"Uone nini, mzee?"

"Maji hapana ingia. Nataka ona na macho."

Hasira ikanipanda, lakini safari hii ilinipanda na akili kidogo. Dada yangu ameolewa Ayivu, nje kidogo ya mji, na nyumbani kwake kulikuwa na kisima chenye kamba ya futi sitini, kirefu kuliko vyote nilivyovijua. Nikafunga meza, nikampakia mzee nyuma ya baiskeli yangu, fimbo kwapani, mkono wake wa kushoto umenizunguka tumboni, tukaenda. Njiani hakusema neno isipokuwa mara moja, tulipopita mashimo: "Wewe naendesha kama raia."

Kwa dada watu waliacha mihogo yao wakaja kutazama. Nikaifunga saa kwenye kamba pamoja na jiwe, nikaiteremsha polepole. Tukaisikia ikigusa maji, nikazidi kuteremsha mpaka kamba ikalegea. Mzee akatoa tasbihi, akaizunguka yote mara tatu. Kisha akaamuru, "Pandisha!" Nikapandisha. Saa ilitoka inachuruzika nje, na ndani ya kioo kavu kabisa, mshale wa sekunde unatembea kama hakuna kilichotokea.

Mzee akaichekea saa ile, akanichekea na mimi, akampiga shemeji yangu begani. Sijawahi kujisikia fundi kama siku ile. "Sasa iko saa," akasema. "Wewe nakuja Koboko na amu yako, Ijumaa ya kwanza ya mwezi kesho. Mimi natoa jibu."

Nilirudi barazani nikiimba. Binti aliniangalia akasema, "Usiimbe sana. Humjui baba."

Haikupita siku kumi dereva wa lori la tumbaku akanishushia kitu kilichofungwa kwenye leso. Saa. Ukungu umejaa. Nikadhani ni mzaha. Nikaifungua, nikaupima mpira kwa kioo, mzima. Nikaikausha, nikaifunga, nikaweka majira sawasawa na redio, nikaizamisha kwenye ndoo kutwa nzima, haikuingia tone. Nikairudisha. Wiki moja, ikarudi. Maji. Saa iliyoshinda kisima cha Ayivu ilikuwa inashindwa na birika la Koboko!

Safari hiyo ilikuja na ujumbe. Dereva aliusema mbele ya watu, maana ndivyo alivyoagizwa: "Mzee anasema, mutu hapana weza zuia maji ya birika, atazuia mvua juu ya mtoto yangu namna gani?"

Jamani. Maneno hayo yalifika soko zima la Arua kabla ya adhuhuri. Muuza maandazi aliniuliza kama nimeshapata mwavuli. Watu niliowatukana miaka mitatu kwa ajili ya mita zao walipita mezani kwangu mmoja mmoja, polepole, wakitazama juu mawinguni. Nikawatukana upya, lakini sauti haikuwa na nguvu.

Jioni ile binti hakunitania. Alikunja kitambaa chake, akaja akasimama mbele ya meza.

"Shangazi amemtaja tena yule mwenye duka wa Yumbe anayetaka kunioa," akasema. "Baba naye amesema, saa ikiingia maji siku ya Ijumaa ile, jibu ni la Yumbe."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema fundi wangu anajua kazi yake." Akakitia kitambaa kwapani. "Usinifanye mwongo."

Usiku huo sikula. Niliwasha taa nikaikagua saa ile punje kwa punje, na kwa kioo changu cha kazi nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzo. Kifungo cha ubavuni kilikuwa na mikwaruzo. Mifupi, minene, pande mbili. Kila iliporudi nilikikuta kimelegea, nikidhani ni mtikiso wa lori. Nikajua mara moja: kuna mtu Koboko anaifungua saa hii kwa koleo! Fundi mwingine, hasidi, labda amelipwa na huyo wa Yumbe. Nikapata usingizi vizuri baada ya hapo, maana mtu mwenye hasira akipata adui hupumzika. Asubuhi nikaifunga saa kwa nguvu zangu zote, nikairudisha na lori, na nikaanza kuyaandaa maneno ya kusema mbele ya wazee.

Ijumaa ikafika. Tukasali Arua, kisha amu na mimi tukapanda lori, tukafika Koboko alasiri imeshaingia. Mzee alikuwa ametandika mikeka uani. Wazee wanne wa mtaa wake walikuwa wamekaa, askari wastaafu kama yeye. Chai ikaletwa, na sukari tuliionja tukaijua ni yetu. Binti alikuwa amekuja tangu jana, yuko ndani na wanawake, na nilijua anasikia kila neno.

Mzee hakuzunguka. Akautikisa mkono, saa ikateleza, akaipitisha kwa wazee. "Angalia."

Mmoja akaangalia, akatingisha kichwa, akampa wa pili. Ilipofika kwangu niliona ukungu kabla sijaishika.

"Kisimani hapana ingia," mzee akawaambia. "Mimi mwenyewe naona. Hapa kwangu naingia."

"Labda maji ya kisima iko na adabu," mmoja akasema, wakacheka.

Nikafungua mdomo. Maneno yote ya koleo na hasidi yalikuwa tayari ulimini. Amu, aliyekaa kushoto kwangu, akanikanyaga mguu kwa kisigino. "Hasira hasara," akaninong'oneza bila kugeuka. Nikanyamaza kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu ya hekima.

Tukakaa hivyo, mazungumzo yakaenda kwenye mvua na mtama, na jibu halikutajwa, mpaka jua likaanza kuzama. Sasa, Koboko iko magharibi kabisa ya nchi, na jua letu linachelewa kuaga. Redio ikitangaza saa moja, sisi ndiyo kwanza magharibi inaingia. Watu wengine wameshazoea. Yule mzee hakuzoea. Kwake siku inakwisha saa kumi na mbili kamili, ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na redio haina cheo cha kuliamuru jua. Kwa hiyo kila jioni, adhana ikianza, aliirekebisha saa yake isome kumi na mbili. Siku nyingine tofauti ilikuwa dakika moja tu, lakini aliifanya kama anayeshusha bendera. Mimi hayo sikuyajua. Kila mara nilikuwa namrudishia saa inayofuata redio!

Adhana ikaanza. Wazee wakainuka kwenda kutawadha upande wa jikoni, ambako palikuwa na mabirika mawili. Mzee akabaki nyuma, karibu na birika lake mwenyewe lililokuwa kwenye kona ya ukuta. Nami nilibaki, kwa sababu mguu wangu uliokanyagwa ulikuwa bado unauma. Nikamwona akitoa saa, akaileta mdomoni. Akaking'ata kile kifungo kwa magego, akaupindisha mkono wake, akakifungua kwa meno.

Koleo langu! Hasidi wangu! Yalikuwa magego ya baba mkwe.

Kisha akakivuta kwa meno, akakiviringisha kwenye kiganja mpaka mishale ikasoma kumi na mbili. Akakisukuma ndani kwa upande wa gumba. Akajaribu kukizungusha. Nikaviona vidole vyake, ambavyo sikuwahi kuviona vimefunguka, maana sikuzote vilikuwa vimeshika fimbo: vimevimba kwenye viungo, vimepinda kama tangawizi. Havikukutana. Vikateleza mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Akaacha. Akavaa saa hivyohivyo, mlango wazi, akainamisha birika na kutawadha mpaka viwikoni, akaizungusha saa ili maji yafike chini yake kama inavyotakiwa.

Alipoinua uso akaniona ninatazama.

Nawaambia ukweli, jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa furaha. Si mimi! Si mpira wangu, si kazi yangu! Wazee walikuwa hatua kumi tu. Nilihitaji kusema neno moja, "Njooni muone," na soko lote la Arua lingemeza maneno yake. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Mzee aliishusha polepole mikono ya kanzu mpaka ikafunika vidole, kama mtu anayeficha jeraha mbele ya daktari wa jeshi asije akaandikwa hafai. Nikamwonea huruma. Niliufunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani, na amu yangu hakuwa karibu kunikanyaga.

Tukasali. Baada ya dua wazee wakageuka kwenye mikeka, na yule wa maji yenye adabu akasema, "Haya, fundi. Tuambie. Maji naingia kwa nini?"

Niliangalia mkeka. Nilimfikiria binti nyuma ya ukuta, na kauli yake ya usinifanye mwongo. Nilimfikiria mwenye duka wa Yumbe.

"Kosa ni langu," nikasema. "Kile kifungo cha ubavuni sikukikaza vizuri."

"Mara tatu?"

"Mara zote tatu."

Amu alinitazama kana kwamba nimerogwa. Wazee walicheka, tena walicheka kwa raha, mmoja akajifuta macho. Mara tatu! Na huyu ndiye aliyesoma Mombasa! Masikio yaliniwaka moto. Ndani ya nyumba hakukuwa na sauti hata ya sufuria.

Mzee peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia, na mikono yake imo ndani ya kanzu. Aliniangalia muda mrefu hadi wale wengine wakanyamaza wenyewe.

"Huyu," akasema mwisho, akiwaambia wao, "fundi hapana."

Nikajua yamekwisha. Amu akaanza kukusanya kanzu yake ili ainuke.

"Fundi hapana," mzee akarudia, "lakini iko mutu. Mtoto yangu, mimi nampa yeye."

Ndani ya nyumba sufuria ikaanguka, na kigelegele kikafuata kabla haijaacha kulia. Amu akasema alhamdulillahi mara nyingi zisizohesabika, wazee wakapeana mikono. Mimi nilikaa palepale, sikujua niweke wapi uso wangu. Kisha nikaona mkono umekuja mbele yangu. Mzee alikuwa ameunyoosha, saa juu.

"Funga," akasema.

Nikakikandamiza kifungo, nikakizungusha. Moja, mbili, tatu, kikakaza. Wazee walikuwa wanazungumza kwa sauti, na waliona tu fundi mbaya anarekebisha kosa lake. Mzee akainama karibu na sikio langu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya paredi.

"Mama yao ndiyo alikuwa nafunga," akasema. "Kila magharibi. Kidole moja hapana ua chawa." Hakuuondoa mkono. "Yeye nazungusha nne."

Ya nne haizunguki. Ukishakaza tatu, ya nne ni vidole tu vinapita juu ya chuma. Niliizungusha.

Tulioana, na tukahamia Koboko, meza yangu nikaiweka karibu na soko. Mwaka wa kwanza nilipata saa chache, maana kila mtu alikuwa ameshasikia kuna fundi aliyeshindwa na birika. Mke wangu naye hakunisaidia. Nikichelewa kurudi alisimama mlangoni na kusema, "Fundi hapana!" Nilivumilia, mimi ambaye sikuwahi kuvumilia. Yeye mwenyewe aliujua ukweli ndani ya wiki moja, kwa sababu alinifuata siku moja kuona ninakwenda wapi kila adhana ya magharibi inapoanza. Alituona, akarudi nyumbani, hakuniambia kitu. Siku ile nilikuta nyama.

Kazi ikaja baadaye, na miaka ile ilikuwa mizuri kwetu. Mita mia tatu sikuzisema vibaya tena mbele ya watu, ingawa maoni yangu ni yaleyale. Hazina kazi. Saa ile ilikaa Koboko na kuishi kwa birika moja, na kilichoizuia maji kilikuwa mtu wa kuifunga.

Mwaka 1979 vita vilipofika tulihama kama wengine wote, tukapita Oraba kwenda upande wa Sudan. Barabara ilijaa watu, tukakata kushoto porini, tukavuka kijito. Maji yalifika magotini. Baba mkwe alikivuka kijito kile ameuinua mkono wake wa kushoto juu ya kichwa, juu kabisa, saa isilowe, na mke wangu, mtoto mgongoni na mzigo kichwani, akacheka hadi akakaribia kuanguka. "Baba, si inazama mita mia tatu?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Iko ya mtoto yangu. Hapana iko ya kuzama."

Jioni tukakaa chini na watu wengine, pasipo mkeka, pasipo birika, hatujui kesho tutalala wapi. Mtu mmoja akasimama akaadhini. Nikasikia magego yakiuma chuma, kisha kimya cha mtu anayezungusha mishale. Mkono ukaja mbele yangu. Nikazungusha moja, mbili, tatu. Na ya nne.